Kukodi au kuchangia? Uliza kabla ya kupanda teksi

Umetoka kijijini na mgonjwa wa kupeleka Hospitali ya Ndanda, au umekwenda Masasi mjini kuchukua fedha za korosho benki. Unasimamisha teksi kwa mara ya kwanza, dereva anakutajia bei. Je, ni ya kiti chako au ya gari zima?

Hapo ndipo ugomvi huanzia. Kuchangia ni kulipia kiti kimoja. Utasubiri abiria wengine. Kukodi ni kulipia gari zima na kuondoka muda unaotaka. Teksi zetu hazina mita, hivyo patana kabla ya kupanda. Uliza:

- Bei ni ya kiti au ya gari zima?
- Ni ya kwenda tu, au kwenda na kurudi?
- Ukinisubiri hospitalini, nitaongeza kiasi gani?
- Mzigo unalipiwa?

Angalia kibao cha namba: cheupe ni cha gari la biashara, cha njano ni cha gari binafsi. Mtumie ndugu yako namba hiyo kwa meseji. Dereva akiomba hela ya mafuta, mpe sehemu tu. Iliyobaki mpe ukifika. Beba noti ndogo, na fedha za korosho usizihesabie garini.

Akikimbiza gari kwenye mteremko wa Newala, mwambie apunguze mwendo. Hatari ikitokea, piga 112. Malalamiko ya usafiri yapeleke LATRA, ukitaja namba ya gari.

Usione haya. Kuuliza si ujinga.