Mtoto Anapozinduka kwa Fujo

Mtoto wa miaka mitatu ametoka kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Amefumbua macho, lakini mama yake hamtambui. Anarusha mateke, anajipinda mgongo, anataka kung'oa mpira wa dripu. Akiitwa jina hageuki. Akibebwa ndio kwanza anazidi. Hali hii ya kuweweseka wakati wa kuzinduka huwapata zaidi watoto wa miaka miwili hadi mitano. Mara nyingi huisha yenyewe baada ya dakika 5 hadi 15, na mtoto hakumbuki kitu.

Huko Jinja na Mbale, kama kwingineko Uganda, suala hili linaendana na mabadiliko ya dawa. Halotheni, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1956, kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa gesi kuu ya nusukaputi katika hospitali za serikali za Afrika Mashariki. Sasa inaadimika, na sevoflureni inashika nafasi yake. Sevoflureni haiwashi koo na hutoka mwilini upesi, ila watoto huweweseka nayo zaidi. Wapo wanaosema kasi hiyo ya kuzinduka ndiyo sababu. Mimi sikubali, kwani propofoli, dawa ya usingizi ya kuchomwa mshipani, nayo hutoka upesi, na wanaolazwa kwayo huamka watulivu.

Kipimo cha PAED cha kutambua kuweweseka huku, kilichotungwa na watafiti Sikich na Lerman mwaka 2004, huangalia mambo matano. La kwanza ni kama mtoto anamtazama machoni anayemhudumia. Mwenye maumivu kwa kawaida hutazama, hushika penye kidonda. Anayeweweseka macho yake hayatui popote.

Hata hivyo, asichomwe dawa ya kutuliza kabla ya kukaguliwa. Oksijeni ikipungua, mtoto hufanya fujo hizi hizi, na kumlaza tena kunaweza kumuua. Kisha apimwe sukari: mtoto aliyeteremka kutoka milimani Bududa, akalala bila kula, zamu yake ikafika saa nane mchana, ana njaa ya kweli. Maji matupu huruhusiwa hadi saa mbili kabla ya nusukaputi, kwa hiyo hakuna haja ya kumkaushia koo tangu jana. Kibofu kilichojaa nacho kiangaliwe. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kujulikana kwa upasuaji wa watoto wenye maji kichwani, lazima pia kuuliza kama shida inatoka ubongoni.

Kinga huanzia chumba cha upasuaji. Ganzi ichomwe kiunoni mtoto angali amelala, ili aamke bila maumivu. Mtaalamu wa usingizi anaweza kumpa propofoli kidogo mwishoni, au fentanili, dawa ya maumivu, akiendelea kuilinda pumzi yake. Aliyelazwa kwa dawa ya ketamini aachwe azinduke penye utulivu, asitikiswe.

Mama naye aelezwe mapema, kwa Lusoga, Lumasaaba au Ateso, kwamba fujo hizi hupita. Mzazi, kabla mwanao hajaingizwa, uliza atapewa dawa gani ya maumivu, na omba uitwe mara tu anapoanza kuzinduka.