Nywele: Kufuga au Kukata?

Kila mwaka mitihani ya kidato cha nne ikishaisha, mambo ni yale yale. Binti aliyekaa miaka minne na kichwa cha kunyoa, sasa yuko huru. Mwezi wa kwanza anaacha ziote. Mwezi wa tatu anatafuta msusi. Mwezi wa sita ameshaweka dawa, na juu yake wivingi. Naye kaka aliyekuwa akikimbizana na mwalimu wa zamu mwenye mkasi, anaanza kulea dredi, na nyumbani baba hasemi naye.

Sisi tunaozunguka mashuleni na vijiweni kuzungumza habari za afya, swali hili tunaulizwa sana: "Dada, nifuge au nikate?" Unaweza kusema hilo nalo ni swali la afya kweli? Ndiyo, tena sana. Wako wasichana ambao hawajafika hata miaka 20, na nywele za mbele hazitaota tena maisha yao yote. Hawakuugua. Walisuka tu, wakaambiwa wavumilie.

Basi tukae tulizungumze hili jambo taratibu, wewe mwenye nywele ndefu na wewe mwenye kipara.

KWANZA ZIJUE NYWELE ZAKO

Kichwani una nywele kama 100,000 hivi. Sehemu iliyo hai ni mzizi, ulio ndani ya ngozi. Ile unayoiona na kuichana imeshakufa, ndiyo maana mkasi ukipita huumii. Hapa tunapata mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza: unywele ulioungua au kukatika hauponi. Hakuna mafuta yatakayouhuisha, hata yawe ya bei gani. Yanaulainisha tu. Dawa yake ni kuukata na kusubiri mwingine uote.

La pili: kukata hakufanyi nywele ziote haraka wala ziwe nzito. Mzizi haujui kama huku juu kinyozi amepita. Nywele huota kama sentimeta moja kwa mwezi, wengine zaidi kidogo. Kwa hiyo ukinyoa leo, mwaka ujao utakuwa na sentimeta 12 hivi ukizivuta, lakini kwa kuwa za kwetu ni za kipilipili, zitajikunja na kuonekana nusu ya hapo. Usikate tamaa ukadhani umerogwa.

Tena, kila siku hudondoka nywele kati ya 50 na 100. Hiyo ni kawaida. Ukifumua rasta ulizokaa nazo wiki sita, ukaona fundo la nywele mkononi, usipige kelele. Nyingi ni zile zilizokuwa zinadondoka siku zote zikanaswa humo ndani.

KUSUKA KUSIUME

Mbona ukitoka kusuka unameza Panadol ili upate usingizi? Jiulize. Uso umevutwa mpaka macho yamekuwa madogo, huwezi kulaza kichwa kwenye mto, na watu wanakwambia, "Ndiyo urembo huo, vumilia!" Hapana, rafiki yangu. Maumivu yale ni mzizi wa nywele unavutwa kutoka mahali pake.

Mzizi ukivutwa mara kwa mara unachoka. Dalili zinakuja kwa mpangilio. Kwanza maumivu. Halafu vipele vidogo pembeni mwa uso na kisogoni, vingine vina usaha. Kisha nywele za pembeni zinakuwa fupi na nyembamba. Mwisho paji la uso linaanza kupanda juu, hasa karibu na masikio.

Ukisimama mapema, nywele zinarudi, ingawa zinaweza kuchukua miezi kadhaa. Ukiendelea kwa miaka, mahali pa mzizi panaota kovu. Na penye kovu hapaoti kitu.

Usidhani ni tatizo la watu wachache. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2007, ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa wana upara wa namna hii. Wala si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Madaktari waliuandika mapema, mwaka 1907, walipouona kwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza sana.

Kwa hiyo ukiamua kufuga na kusuka:

- Mwambie msusi alegeze, hasa mstari wa mbele. Si utovu wa adabu, kichwa ni chako na pesa ni yako.
- Ikiuma usiku, fumua asubuhi. Usione aibu.
- Rasta nyembamba sana, ndefu na nzito zinavuta zaidi. Twende kilioni au mabutu yaliyolegea ni nafuu.
- Usisuke juu ya nywele ulizotia dawa juzijuzi. Zimeshadhoofika.
- Usikae na msuko zaidi ya wiki sita hadi nane, na ukifumua, pumzisha kichwa wiki mbili tatu.
- Osha kichwa hata ukiwa umesuka. Mba na jasho havingoji ufumue.

DAWA YA KULAINISHA

Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki soda, jamaa ile ile inayotumika kutengenezea sabuni. Nyingine hazina, na pakiti zake husema hivyo, lakini nazo ni kali. Kazi yake ni kuvunja vile vifungo vinavyofanya unywele ujikunje. Ndiyo maana unanyooka. Na ndiyo maana unakuwa dhaifu.

Dawa hiyo haijui kutofautisha nywele na ngozi. Ikikaa sana inaunguza. Kuna usemi wa saluni: "Subiri kidogo, ndiyo inakolea." Usisubiri. Ikianza kuchoma, ioshwe hapo hapo. Usiweke dawa kama kichwa kina kidonda au kama umejikuna jana yake. Na usirudie kabla ya wiki nane, tena ipakwe kwenye nywele mpya tu, siyo kichwa kizima.

Kuna habari nyingine ambayo dada zetu wakubwa hawakuwa nayo. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kuwa kati ya kila 100, wanaopata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70 ni wawili au chini ya hapo. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, ni wanne. Hiyo haina maana kwamba ukiweka dawa mara moja utaugua. Wala utafiti huo haukuthibitisha kuwa ni dawa yenyewe iliyosababisha. Lakini ni sababu nzuri ya kupunguza.

KUKATA NAKO KUNA MAMBO YAKE

Sasa usije ukasema, "Basi nanyoa, nimemaliza." Aliyenyoa naye ana ya kuangalia.

Mashine ya kinyozi inapita kwenye vichwa vya watu wengi kwa siku. Inaweza kubeba mashilingi, yale mabaka ya mviringo yanayoacha kichwa na madoa. Mashilingi ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu. Yanahitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Na damu je? Hatari ya kupata virusi vya ukimwi kwa mashine ya kinyozi ni ndogo sana. Wembe wa kuchangia ndio wa kuogopa zaidi. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu kufa: vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi kwenye damu iliyokauka. Kwa hiyo usikubali wembe uliotumika, hata kwa kutengeneza "mstari" wa mbele tu.

Kile kisanduku chenye taa ya bluu kisikudanganye. Mwanga hauwezi kupenya nywele na uchafu uliogandia kwenye meno ya mashine. Kwanza mashine ipigwe brashi, halafu ifutwe kwa spiriti, ndiyo ije kichwani kwako. Mwombe kinyozi afanye hivyo mbele yako. Kinyozi mzuri hakasiriki. Mkiweza, nyumbani nunueni mashine yenu.

Kaka, kama kisogoni unatokwa na vipele vigumu kila ukinyoa, acha kunyoa mpaka chini kabisa. Bakiza kidogo. Vipele vile ukiviendekeza vinageuka makovu makubwa. Yaani wewe, kinyume cha wengine, dawa yako ni kufuga kidogo!

PESA INATOKA WAPI?

Hapa naomba tusemezane ukweli. Chukua karatasi. Andika pesa ya msusi, ya rasta zenyewe, ya dawa, ya mafuta, na nauli ya kwenda saluni. Zidisha kwa mwaka. Ukimaliza, jiulize: hizi nani anatoa?

Kama unazitoa mwenyewe na hujalala njaa, poa. Lakini wako wanaolipiwa na "buzi", mtu mzima mwenye pesa zake, na mtaani watu wanasema binti mjanja, anachuna. Mwenzangu, anayekulipia nywele leo, kesho ana lake analotaka, na siku hiyo utaona vigumu kumwambia avae kondomu. Nywele zinaota upya. Virusi vya ukimwi vikishaingia havitoki, ingawa siku hizi zipo dawa za kuvidhibiti ukaishi miaka mingi. Kama nywele ndefu zinahitaji buzi, basi kwa sasa nywele fupi ndiyo bomba.

NANI ANAAMUA?

Utasikia: eti mwanamke ni nywele, eti mwanaume mwenye dredi ni mvuta bangi. Maneno hayo hayana mizizi. Kwa Wamasai ni morani, mwanaume, ndiye anayefuga nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu, na mama yake humnyoa anapotoka umorani. Wanawake ndio wanaonyoa. Sasa nani kati yao si mwanamke, na nani si mwanaume?

Shule ni suala jingine. Shule nyingi za serikali hapa Tanzania zinataka nywele fupi, na kama ndiyo sheria uliyoikuta, si vibaya: kichwa chako kinapumzika. Ikiwa kufuga ni imani yako, mzazi azungumze na shule mapema, kwa utulivu. Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza alifukuzwa kwa sababu ya dredi zake, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema zilikuwa sehemu ya imani yake, arudi darasani.

Na wewe mwenye dredi, zioshe na uzikaushe vizuri. Dredi si uchafu, ila zikilala na maji zinanuka kama nguo yoyote.

JIULIZE HAYA KABLA YA KUAMUA

1. Je, kichwa kinaniuma, kinawasha, au nywele za pembeni zinapungua? Kama ndiyo, kata au fumua sasa. Mambo ya urembo baadaye.
2. Je, ncha za nywele zimeungua na dawa? Ukiogopa kukata zote mara moja, punguza kidogo kidogo kila mwezi.
3. Je, nina muda na pesa zangu mwenyewe za kuzitunza?
4. Je, ni mimi ninayetaka, au ni shoga zangu, mpenzi wangu, majirani?

Ukiona mabaka yasiyo na nywele, usaha, au paji la uso linapanda, usiende kwa muuza mafuta. Nenda kituo cha afya, uombe kuelekezwa kwa daktari wa ngozi. Walioko kaskazini wanacho kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kinachofanya kazi tangu 1992.

Wazee walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Basi mtazame dada au shangazi yako aliyesuka kwa kukaza miaka mingi. Angalia pale juu ya masikio. Halafu leo jioni simama mbele ya kioo, uvute nywele zako nyuma, ujiangalie na wewe. Ukiona bado zipo zote, una nafasi ya kuchagua, fupi au ndefu. Ukiona zimeanza kukimbia, umeshapata jibu.