Istilahi za Kamera na Mfuko wa Mtengenezaji Filamu Anayeanza

Kazi ya istilahi aghalabu hudhaniwa kuwa kazi ya mezani, isiyomgusa mtu mfukoni. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa sivyo.

Mwalimu mmoja wa Magoma, wilayani Korogwe, alitueleza jinsi yeye na kikundi cha vijana walivyochanga fedha ili watengeneze filamu fupi ya ngano za Kisambaa zinazosimuliwa na mzee mmoja wa huko. Waliandika orodha ya vifaa, wakampa mwenzao aliyekuwa akienda Tanga mjini. Katika orodha hiyo waliandika: "kipaza sauti kimoja". Mjumbe akarudi na spika. Fedha zilikuwa zimekwisha, na siku ya kazi sauti ya mzee ikanaswa na kamera yenyewe, iliyosimamishwa hatua nane mbali naye. Walipoisikiliza, upepo na mbuzi walisikika vizuri kuliko msimulizi. Ilibidi wamwombe mzee arudie ngano zake zote. Kwa bahati njema alikubali.

Ni nani aliyekosea? Mjumbe alinunua alichoandikiwa, na muuzaji alitoa alichoombwa. Neno kipaza sauti limekuwa likitumika, katika mazungumzo na hata katika maandishi, kwa kifaa kinachopokea sauti na pia kwa kifaa kinachoitoa. Kosa ni la neno, na sisi tunaoshughulika na maneno hatuwezi kujitoa katika lawama hiyo.

Suala la gharama ya picha na sauti si geni katika wilaya hiyo. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo, uliosimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ulitengeneza filamu zipatazo 35 za mafunzo. Ili kupunguza gharama, walitumia filamu nyembamba ya milimita 16 badala ya ile ya milimita 35 ya majumba ya sinema, na sauti ikatiwa katika sahani za santuri zilizopigwa wakati picha ikionyeshwa. Yapo mengi ya kuhoji katika fikira za kikoloni zilizouongoza mradi huo. Hata hivyo, hesabu ya mwenye fedha chache imebaki ile ile: picha na sauti ni vitu viwili, na kila kimoja kina kifaa chake na bei yake.

Sasa na tuyatazame maneno matatu ambayo mnunuzi hana budi kuyatenganisha.

Kwanza, kipaza sauti. Kupaza ni kuinua. Lakini kifaa anachosemea msimulizi hakiinui kitu, bali husikia. Tunapendekeza maikrofoni kwa kifaa kinachopokea sauti, spika kwa kinachoitoa, na kinasa sauti kwa kinachoihifadhi. Watu wa mitaani wamekwisha kuliamua jambo hili mbele yetu: husema maiki na spika, wala hawapotezani. Kipaza sauti na kibakie kwa mtambo mzima wa mkutano wa hadhara. Tukumbuke pia kwamba mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hupungua hadi robo. Kwa hiyo maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, shubiri moja kutoka kinywani, huweza kuishinda maikrofoni ya bei kubwa iliyowekwa mbali.

Pili, kukuza. Dukani mtu huambiwa kuwa kamera fulani "inakuza mara 40", asielezwe inakuza kwa njia gani. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya vioo vya lenzi kujisogeza na kukileta kitu karibu pasipo kuiharibu picha. Hii tunapendekeza iitwe kuvuta. Ya pili ni ya mashine kukata kipande cha picha na kukitanua. Hii tu ndiyo iitwe kukuza. Kuvuta huongeza yanayoonekana, lakini kukuza hutanua yaliyokwisha kuonekana, na ukizidi picha huwa na ukungu. Mnunuzi na aulize: "Inavuta mara ngapi?" Jibu la swali hilo ndilo la kulipiwa.

Tatu, picha. Neno hili hubeba picha mnato na picha jongefu kwa pamoja. Kamera inayosifiwa kwa megapikseli 24 husifiwa kwa picha mnato. Picha jongefu yenye pikseli 1920 kwa 1080 huhitaji pikseli 2,073,600 tu, nayo yamtosha anayeanza. Ile ya 3840 kwa 2160 ina pikseli mara nne ya hizo, na kwa kawaida hujaza kadi upesi zaidi. Kamera inayoandika megabiti 50 kwa sekunde hujaza kadi ya gigabaiti 32 kwa muda wa dakika 85 hivi. Aidha, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, kupiga picha 25 kwa sekunde, kila moja kwa muda wa 1/50 ya sekunde, husaidia kuzuia taa zisipepese katika filamu.

Maneno yakishatenganishwa, mpango wa manunuzi hujipanga wenyewe. Simu nzuri ikiwa ipo, kazi ianze nayo: filamu ya Tangerine ya Sean Baker, iliyoonyeshwa mwaka 2015 katika tamasha la Sundance huko Marekani, ilipigwa kwa simu za iPhone 5s. Fedha ya kwanza inunue maikrofoni. Ya pili stendi ya miguu mitatu. Ya tatu kadi na betri za akiba, hasa pale umeme usipotegemewa. Mwanga wa jua la asubuhi na la jioni haununuliwi. Kamera ifuate mwisho, hata ikiwa iliyokwisha kutumika, mradi ijaribiwe kabla ya kulipiwa, iwe na mahali pa kuchomekea maikrofoni, na imruhusu mpigaji kupanga mwanga kwa mkono wake.

Kwa wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi waandikao orodha za manunuzi, pendekezo letu ni moja: jina lisipotosha peke yake, kazi ya kifaa iandikwe kando yake. Badala ya "kipaza sauti kimoja", iandikwe "maikrofoni moja ya kubana kwenye nguo, ya kunasia sauti ya msemaji". Maneno manane zaidi hayana gharama. Mwalimu wa Magoma ametuambia kuwa orodha yao ya pili iliandikwa hivyo, na mjumbe yule yule akarudi na kilichotakiwa. Istilahi hizi tunazitoa ili zijaribiwe, na waamuzi wake ni wale watakaozipeleka dukani.