Tulilala Kwenye Kiwanda cha Bia, Tukaongea

Neno gesti kwetu limechafuka. Mwambie shoga yako kwamba wikiendi ulilala gesti na mumeo wa ndoa, atakuangalia kwa jicho la pembeni na kukuuliza, kwani nyumbani kuna nini? Ukiongeza kwamba gesti yenyewe ina baa chini na kiwanda cha bia uani, basi habari itamfikia mama mkwe kabla hujashuka kwenye daladala.

Kumbe kuna mahali duniani ambapo gesti yenye kiwanda cha bia ndiyo sehemu ya heshima kuliko zote kijijini. Bibi anakula pale baada ya misa ya Jumapili. Watoto wanacheza chini ya meza. Ubatizo, harusi na chakula cha matanga, vyote vinafanyika humo humo. Mahali penyewe ni kusini mwa Ujerumani, jimbo la Bavaria, hasa upande wake wa kaskazini unaoitwa Franconia. Wenyewe wanaiita Brauereigasthof. Ni nyumba ya wageni ya familia yenye mgahawa wake na bia inayopikwa hapo hapo, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye mpishi wa bia, mkewe yuko jikoni na binti yao anahudumia meza.

Mimi sikwenda kule kwa ajili ya bia. Mume wangu anafanya kazi Nürnberg, mwaka wa tatu huu, mimi na watoto tuko Moshi. Mwezi Mei mwaka jana nikaenda kumtembelea. Siku ya pili tu, nikiwa natafuta ufagio, nikafungua kabati la chini ya sinki. Chupa. Ujerumani chupa ya bia hutupi, unairudisha dukani na unapewa senti nane zako, kwa hiyo watu wanazilimbikiza. Nikazihesabu: arobaini na moja. Nikamuuliza, baba watoto, hizi ni za lini? Akasema za muda mrefu. Nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza, kisha akatoa bahasha: zawadi yangu, siku mbili shambani, chumba kimeshalipiwa. Kuangalia picha, nikaona mitungi ya shaba na mapipa.

Jamani! Arobaini na moja chini ya sinki, halafu unanipeleka kiwandani?

Kijiji cha viwanda vinne

Nikaenda, maana hela ilishatoka. Kutoka Nürnberg unapanda treni hadi Forchheim, unabadilisha ya kwenda Ebermannstadt, na baada ya hapo ni basi au teksi. Eneo lote linaitwa Fränkische Schweiz, yaani Uswisi ya Franconia, kwa sababu ya vilima, majabali na mito midogo yenye maji baridi. Sisi tulikuwa tunaelekea upande wa Aufseß, kijiji ambacho mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na viwanda vinne vya bia huku wakazi wake wakiwa wapatao 1,500 tu. Ukigawanya, ni kiwanda kimoja kwa watu wasiofika mia nne! Kwetu hata msikiti au kanisa una waumini zaidi ya hapo.

Usije ukawaza kiwanda kama cha Ilala, chenye malori na geti. Hiki ni banda kubwa la mawe nyuma ya nyumba, mlango wa mbao, mvuke unatoka dirishani na harufu kama ya uji wa ulezi unaochemka. Mimi nimezaliwa Kilema na harufu ile naijua. Bibi yangu alikuwa anapika mbege: ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichache, kisha zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu. Mwenye nyumba alipotuzungusha siku ya kwanza, nikawa namwelewa hata kabla mume wangu hajatafsiri. Shayiri inalowekwa, inaota, inakaushwa: hicho si kimea? Kinasagwa, kinatiwa maji ya moto ili wanga ugeuke sukari. Kisha inakuja hopsi, ua la mmea unaotambaa juu ya miti mirefu kama maharage, nalo ndilo linaloleta uchungu. Nikamwambia mume wangu, mwambie huyu baba kwamba hopsi ni msesewe wao. Akamwambia. Mzee akacheka sana, akataka kujua kama gome hilo linapatikana Bavaria.

Tofauti ni kwamba mbege huwezi kuiweka, inywe leo au kesho. Bia yao ya kawaida inachachuka taratibu kwenye baridi, halafu inalazwa wiki kadhaa. Zamani bila friji walichimba mapango kwenye miamba, na juu yake wakapanda miti yenye kivuli ili jua lisipige. Watu wakaanza kukaa chini ya miti hiyo na kunywa pale pale. Ndiyo asili ya bustani za bia unazoziona kwenye picha. Tangu 1553 sheria ya Bavaria ilikataza kupika bia wakati wa kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo pango ndilo lilikuwa ghala la miezi yote ya joto. Sheria yao maarufu zaidi ni ya 1516, iliyotolewa Ingolstadt, kwamba bia iwe ya shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa. Lakini watu wa Franconia watakukumbusha kwamba mji wao wa Bamberg ulikuwa na amri ya namna hiyo tangu 1489. Wana wivu hao, usiombe.

Kila mtu na lake

Chumba chetu kilikuwa juu ya mgahawa. Safi, mbao tupu, dirisha linatazama kanisa. Lakini kitanda, wee! Ni kitanda cha watu wawili, sawa, ila ndani yake kuna magodoro mawili yenye mfereji katikati, na kila mtu ana duveti lake dogo limekunjwa upande wake. Nikadhani wametukosea, labda wamesikia ugomvi wetu kwenye ngazi. Mume wangu akasema hapana, ndivyo Wajerumani wanavyolala, hata waliooana miaka arobaini. Kuna faida yake, hakuna wa kumvuta mwenzake shuka saa nane usiku. Lakini kama mmekuja mkiwa hamwongei vizuri, mfereji ule unakuwa mto Pangani.

Usiku wa kwanza tulilala hivyo, kila mtu ng'ambo yake.

Kilichotufungua ni meza. Kwenye mgahawa wa namna hii hampewi meza ya wawili yenye mshumaa. Meza ni ndefu, mabenchi ni ya mbao, mnakaa na msiowajua. Kuna moja tu hutakiwi kuigusa, ile ya wateja wa kudumu, mara nyingi ina kibao au kitu cha chuma katikati. Hiyo ni ya wazee wa kijiji, ni kama kijiwe chao. Sisi tukakaa na mama mmoja wa makamo, mumewe, na mama wa mumewe mwenye miaka themanini na kitu. Wote watatu walikuwa na glasi ya nusu lita mbele yao. Huko wanaiita Seidla. Bibi yule alikunywa yake moja kwa saa mbili nzima. Akila, akitukana serikali, akinywa tone, akicheka. Ilipokwisha, akafunika mkoba wake akaenda kulala.

Nikawa namtazama mume wangu akimtazama bibi yule.

Huko mhudumu anachora mstari kwenye kikadi cha chini ya glasi yako kila anapokuletea nyingine. Mwisho wa usiku mistari ile ndiyo bili. Hakuna siri, mwenzio anaona, jirani anaona, mama mkwe anaona. Ya mume wangu ilikuwa miwili. Akakichukua kile kikadi, akakigeuza geuza, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba wale wazungu wangesikia: "Mke wangu, mimi kule sinywi hivi. Natoka kazini saa nne usiku, chumba kiko kimya, nakunywa ili nisikie usingizi. Hakuna mtu wa kuniona."

Sikujibu chochote pale mezani. Wakati mwingine mwanaume akishafungua mdomo, dawa ni kumwacha.

Kesho yake tukatembea. Kuna njia ya miguu ya kilomita kama 14 inayounganisha vijiji vyenye viwanda vile, unapita mashamba ya shayiri, msitu, vijisalaba vya njiani. Wengine wanagongewa mihuri kila kituo na mwisho wanapewa cheti. Kijiji cha Heckenhof kina Kathi-Bräu, kinachopendwa na wenye pikipiki kubwa, wamejaa pale na makoti yao ya ngozi wakila keki na kahawa kama watoto wa shule. Sisi mihuri hatukugongesha. Tulikaa kwenye benchi la msituni kama saa nzima, na hapo ndipo nikasema yangu: kwamba watoto wanamjua baba wa kwenye simu, kwamba mimi mwenyewe nalala na taa inawaka, na kwamba chupa arobaini na moja sikuzihesabu ili nimshike, nilizihesabu kwa sababu niliogopa.

Tukakubaliana mambo mawili. Mkataba wake ukiisha Machi hausaini mwingine mpaka tuwe tumeshaongea ana kwa ana, si kwa simu. Na akitoka kazini saa nne ananipigia, hata kama Moshi ni usiku wa manane na nimelala. Aniamshe. Kulikuwa na la tatu ambalo hakulipenda: aende akamwone mshauri. Ujerumani kuna ofisi za ushauri kwa watu wanaosumbuliwa na pombe, nyingi zinaendeshwa na mashirika ya makanisa kama Caritas na Diakonie, na ushauri kwa kawaida ni bure. Alisema yeye si mlevi. Nikamwambia sijasema ni mlevi, nimesema aende. Alikwenda wiki tatu baada ya mimi kuondoka.

Nisieleweke vibaya, dada zangu. Kama mumeo ameshafika mahali mikono inatetemeka asubuhi, usimpeleke kwenye gesti ya bia, mpeleke hospitali. Sisi tulikuwa hatujafika huko, na daktari wake alisema hivyo.

Ukitaka kwenda na wako

Kama uko Ulaya au una ndugu huko, mambo machache. Uliza kwanza siku yao ya mapumziko. Kila nyumba ina siku moja au mbili kwa wiki ambazo mgahawa unafungwa kabisa, mara nyingi Jumatatu au Jumanne, na unaweza kufika na njaa yako ukakuta mlango umefungwa na duka la karibu liko kilomita sita. Jiko linafungwa mapema, kwa hiyo habari za kula saa nne usiku zisahau. Beba fedha taslimu, vijijini kadi si kila mahali. Sisi tulilipa euro 92 kwa usiku kwa watu wawili, pamoja na kifungua kinywa cha mikate midogo, jibini, yai na nyama za kukatwa.

Chakula chao kikuu ni Schäufele, bega la nguruwe lililookwa mpaka ngozi inalia kama bisi, na pembeni madonge ya viazi yanayoitwa Klöße. Donge ni kama ugali, ila wenyewe wanalikata kwa uma na mchuzi unazama humo. Kwa asiyekula nguruwe, ulizia samaki wa mto. Vijito vya huko vina trauti wazuri sana. Na usiogope kuagiza juisi ya tufaa iliyochanganywa na maji ya gesi, watu wazima wanakunywa hivyo bila mtu kuwashangaa. Anayeendesha gari ndiyo anywe hiyo hiyo, maana polisi hawana mchezo. Ukishakunywa, vyumba viko juu, ndiyo kazi yake.

Na kuhusu yale maduveti mawili: waombeni kubwa moja mnapoweka nafasi, nyumba nyingine wanalo. Yetu hawakuwa nalo. Usiku wa pili tukalaza moja kwa upana juu ya mfereji, jingine tukalitupa kwenye kiti, na miguu ya baba watoto ikabaki nje mpaka asubuhi.