Majilio: Taa Katika Giza la Mvua

Kila mwaka, Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, Wakristo wengi huanza majira yaitwayo Majilio, yaani kungojea kuja kwake Bwana. Katika makanisa mengi huwashwa mshumaa mmoja Jumapili hiyo, wa pili Jumapili ifuatayo, hata ikatimia minne. Desturi hii ilianza Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, ambako Johann Hinrich Wichern aliwawashia mishumaa watoto maskini aliowalea, wapate kuhesabu siku zilizobaki.

Huko Ulaya mwezi wa Desemba jua huchwa mapema sana. Lakini kwetu Katito, karibu na Ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Basi giza letu la Majilio ni lipi?

Mara nyingi ni la mvua. Wazee wa Nyakach na Kano husimulia mvua za mwisho wa 1961, ambazo baada yake Ziwa Victoria lilipanda hata 1964. Mvua za mwisho wa 2019 nazo zilikuwa kubwa, na mwezi wa Mei 2020 ziwa likapita hata kipimo cha 1964. Nyumba za kando ya ziwa ziliingiwa na maji, mashamba yakafunikwa, na jamaa nyingi zikahama. Mtu aliyeyaona mahindi yake chini ya maji, aambiweje kwamba atumaini?

Jibu twaweza kujifunza kwa wavuvi wa omena. Usiku wa mbalamwezi hawapati kitu cha maana, kwa kuwa mwanga wa taa zao hufifia mbele ya mwezi. Wao hungoja usiku usio na mwezi. Ndipo husukuma mashua na kuwasha taa juu ya maji: zamani karabai, na siku hizi nyingi ni za betri au za nguvu za jua. Omena huufuata mwanga hata wakaingia wavuni, na kulipokucha huanikwa juani.

Mvuvi huyo halisifu giza, wala hakai kulilalamikia. Amengoja, lakini hakungoja amelala. Mchana alitengeneza nyavu, akaziba nyufa za mashua, akaitazama taa yake.

Kungoja kwa Majilio na kuwe hivyo. Mwenye shamba na azibue mifereji kabla ya mvua, na mbegu aziweke mahali palipoinuka. Karani arudipo nyumbani kwa sikukuu na amtafute jirani aliyehamishwa na maji, amkaribishe mezani. Mshumaa wa kwanza hauondoi usiku, wala hakuna mtu asemaye usiwashwe kwa sababu mitatu bado. Huwashwa ule uliopo, na mwingine hufuata.