Sabuni ya Majivu na Dawa za Chupa

Siku hizi munaona sokoni chupa za rangi nyingi: moja ya sakafu, moja ya sahani, moja ya choo, moja ya nguo nyeupe. Kila moja inataka feza. Wamama wanatuuliza hapa hospitalini: Je, nyumba haiwezi kuwa safi pasipo chupa hizi? Inaweza. Mama zetu wa zamani walisafisha vizuri kwa majivu, maji ya moto, muchanga, ndimu na jua. Lakini kuna uchafu wa kila siku, na kuna uchafu wenye ugonjwa ndani yake. Mutu asiyejua tofauti yao atapoteza feza yake bure, ao ataumiza watoto wake.

Tuanze na sabuni. Sabuni inatoka katika vitu viwili tu: mafuta na maji makali ya majivu. Mafuta tunayo. Katika 1911 Lever wa Uingereza alipewa ruhusa ya kuvuna ngazi katika Kongo, na mahali panapoitwa leo Lusanga pakaitwa Leverville, kwa sababu watu wa Ulaya walitaka mafuta yetu kwa sabuni yao. Mafuta yale yale yako katika chupa ya jikoni yenu.

Majivu yote hayana nguvu sawasawa. Majivu ya mikungu mitupu ya ngazi, iliyokwisha kutolewa kokwa, ni mazuri sana. Hata ya maganda ya ndizi ni mazuri. Kausheni vitu hivi katika jua, muvichome mahali safi mpaka majivu yawe meupe, kisha muchekeche mutoe makaa. Twaeni nyungu ya zamani yenye matundu madogo chini. Tieni majani makavu kwanza, na majivu juu yake. Mimineni maji ya mvua polepole, na chini muweke chombo cha kupokea maji yanayotonatona. Yatakuwa na rangi kama chai. Muyapitishe tena katika majivu mapya, kisha muyachemshe mpaka yapunguke na kuwa makali. Watu wengine wanaonja kwa ulimi. Musifanye hivyo! Tieni yai bichi: likizama, maji ni zaifu bado, likielea na kuonyesha kipande kidogo kama feza ya chuma, yamefaa. Kisha muoshe yai na kulitupa.

Sasa pasheni mafuta moto katika nyungu ya udongo ao chungu cha chuma. Mimineni maji ya majivu kidogo kidogo, mukikoroga kwa muti murefu, na moto uwe mudogo. Kazi hii inataka saa nyingi na uvumilivu. Tieni tone moja katika kikombe cha maji safi: kama macho ya mafuta yanaelea juu, ongezeni maji ya majivu. Sabuni yake ni laini na nyeusi-nyeusi, hata watu wa mujini wanaicheka, lakini inatoa uchafu. Kama munataka iwe ngumu, tieni chumvi ya kutosha inapochemka. Sabuni itapanda juu na maji ya chumvi yatabaki chini. Muiweke majuma kadhaa mbele ya kuitumia, ukali upunguke.

Musipike kamwe katika sufuria ya aluminiumu. Maji ya majivu yanaikula. Yanatoa povu na kutoboa sufuria, na mutapoteza vyote viwili.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu neno hili tunaliona kwa macho. Mama mumoja alitia maji yake ya majivu katika chupa ya limonadi, akaiweka chini ya kitanda. Mutoto wake wa miaka mitatu alirudi na kiu kutoka kucheza. Akaona chupa anayoijua, akakunywa. Midomo na ulimi vikaungua. Jirani akawaambia wamunyweshe ndimu ili kuua ukali, mwingine akatia kidole kooni ili atapike, na hivyo dawa ile ilipita na kuunguza njia mara ya pili. Kovu la koo linakaza polepole. Baada ya majuma machache mutoto hakuweza tena kumeza bugali. Hata uji ulipita kwa shida.

Basi mushike hili. Mutoto akikunywa maji ya majivu, ao soda kostiki ya watengeneza sabuni, ambayo ni kali kuliko majivu, ao javeli, musimutapishe. Musimupe ndimu wala siki wala mafuta. Asukutue kinywa kwa maji safi na kutema, na mumukimbize hospitalini siku ile ile, hata kama halii tena. Mulete na chupa yenyewe. Kama yamerukia jicho, fungueni jicho na mulimiminie maji safi nusu saa nzima, kisha muje. Na chombo cha maji haya kiwe kile ambacho hakuna mutu anayekunywea, kikae juu ambapo mutoto hafiki.

Kazi nyingine za nyumba ni nyepesi. Masizi ya sufuria yanatoka kwa majivu makavu na muchanga mwembamba. Kutu juu ya nguo: tieni chumvi na maji ya ndimu, muanike katika jua, muoshe. Vitambaa vya mutoto na vya vidonda muvichemshe. Hakuna dawa ya chupa inayopita maji yanayochemka. Magodoro na blanketi zitoke nje katika jua. Lakini nguo musizitandike juu ya majani wala udongo, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai humo, na funza wake wanaingia katika ngozi na kufanya majipu. Muanike juu ya kamba, na mupige pasi pande mbili, hata katika mishono.

Sasa uchafu wa ugonjwa. Mutu wa kolera akitapika ao akihara katika nyumba, majivu na ndimu hazitoshi, hata kama zinafanya sakafu ing'ae. Hapo munatumia klorini. Watu wa Uvira na Kalemie wanajua kolera vizuri. Na katika Ebola ya 2018 hadi 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu walizoea kuona ndoo za klorini kila mulango: asilimia 0,5 kwa sakafu na vyombo, asilimia 0,05 kwa mikono. Siwaambii mununue javeli kwa kila sakafu kila siku. Nawaambia chupa moja ikae nyumbani kwa siku ya hatari, na mumulete mugonjwa upesi.

Musichanganye javeli na ndimu wala siki, wala musiimimine katika chombo chenye mukojo. Inatoa hewa yenye sumu inayochoma kifua, na katika choo kidogo kisicho na dirisha mutu anaweza kufa.

Tazameni karatasi ya chupa. Kama imeandikwa asilimia 5, kikombe kimoja cha javeli na vikombe tisa vya maji vinafanya asilimia 0,5. Kama imeandikwa namba nyingine, muulize muuguzi. Muifunge vizuri na kuiweka mahali pa baridi na giza, kwa kuwa joto na jua vinapunguza nguvu yake. Na maji ya javeli muliyochanganya leo, kesho asubuhi muyamwage na kuchanganya mengine.