Boksi Lipo?

Ukiingia Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam, na simu ya kuuza, winga, yaani dalali wa mtaani, hakuulizi uliinunua bei gani. Ataigeuza, atapitisha kidole kwenye kona za kioo, kisha atauliza, "Boksi lipo?" Hapo ndipo inapoanza bei ya pili, ile ambayo haikuandikwa popote siku uliyonunua. Simu ikiwa ni iPhone, bei hutajwa papo hapo, kwa kuwa kila meza ya jirani inaijua. Ikiwa ni Tecno, Infinix au itel, winga hukutaka wewe utaje kwanza, na ukishataja, hucheka.

Kicheko hicho nimekisikia. Simu niliyonunua kwa laki tatu na nusu, ambayo moyoni nilikuwa bado naihesabu kuwa mpya, iliondoka kwa laki moja, na chaji yake juu. Nilirudi nyumbani nikiilaani. Baadaye nilipiga hesabu upya, hasira ikapungua.

Watu hupima thamani ya simu kwa asilimia, na kwa kipimo hicho simu nafuu haina pa kujitetea. Lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa asilimia. Tuseme, kwa mfano tu, mtu amenunua iPhone mpya kwa milioni 2.5, na baada ya miaka miwili akaiuza kwa milioni 1.4. Zaidi ya nusu ya fedha yake imerudi, na marafiki watamsifu kwa kujua kununua. Hasara yake ni milioni 1.1. Yangu ilikuwa laki mbili na nusu. Kwa alichopoteza yeye, mimi ningeweza kurudia kosa langu mara nne na bado ikabaki laki ya bando.

Hata hivyo anguko la simu nafuu si la bahati mbaya. Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006 na inayomiliki Tecno, Infinix na itel, imelishika soko la Afrika kwa kumwaga matoleo mengi yenye bei zinazopishana kidogo kidogo. Spark 10 ya Tecno ilitoka mwaka 2023 pamoja na ndugu zake 10C na 10 Pro. Mwaka haujaisha, Spark 20 ikatangazwa. Kwa hiyo anayeuza Spark iliyotumika hashindani na simu nyingine iliyotumika. Anashindana na mpya, yenye dhamana, na mteja akijibana mwezi mmoja anaifikia. Kwa nini anunue mikwaruzo yako? Kwa iPhone mambo ni tofauti. Matoleo makubwa hutoka mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba, na bei ya mpya iko mbali na mifuko ya wengi, kwa hiyo anayeitamani "macho matatu", ile ya kamera tatu, hana mlango mwingine zaidi ya mtumba.

Kuna pia suala la masasisho. iPhone 11 iliyoingia sokoni Septemba 2019 bado ilipokea iOS 26 mwaka 2025, ilhali simu nyingi za bei ya chini hupata toleo moja jipya la Android, au zisipate kabisa. Januari 2024 Samsung iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Galaxy S24. Ahadi ya namna hiyo huhama na simu hadi kwa mnunuzi wa pili, na winga mjanja huitaja kabla hujauliza.

Samsung yenyewe imekaa katikati. Jina ni kubwa, lakini simu za Galaxy A huporomoka karibu kama Tecno; za S hujikaza, ila hazifikii iPhone. Waulize mafundi sababu, watakujibu kwa neno moja: kioo. Kioo cha S kikipasuka, kukibadilisha kunaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya simu iliyotumika, na mnunuzi hukata hofu hiyo kwenye bei yake mapema. Kinyume chake, kioo cha Spark hupatikana kirahisi na bei yake inavumilika. Kwa mtu anayetumia simu mpaka ife, hiyo ni thamani, ingawa mezani kwa winga haihesabiwi.

Njia ninayoiona ya akili zaidi ni kununua chapa kubwa baada ya mmiliki wa kwanza, wa Dubai au wa Marekani, kulibeba lile anguko kubwa la mwanzo. Ukinunua kwa laki nane ukauza kwa laki sita, umeikodi simu nzuri kwa laki mbili. Ila mitego ipo. iPhone iliyofungwa kwa akaunti ya mmiliki wa zamani haifai kitu zaidi ya spea. Zile za Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina tundu la laini. Asilimia za afya ya betri huweza kuchezewa, na kioo kilichobadilishwa hakijitangazi mpaka ufungue mipangilio. Tena watu hawajasahau Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozizima simu bandia nchi nzima. Ndiyo maana mnunuzi makini hubonyeza *#06# kabla ya kugusa pochi.

Nambari inayotokea hapo ndiyo hulinganishwa na iliyochapwa kwenye boksi. Zikifanana, simu inaonekana ni yako kweli, na bei hupanda kidogo. Boksi ni shahidi, kwa hiyo siku hizi situpi hata moja. Juu ya kabati langu yapo manne. Simu mbili kati ya zilizokuwamo niliibiwa kwenye daladala, na maboksi yake bado ni mazima. Winga mmoja ameshaniuliza kama ninayauza.